UZI: Magari ya kifahari ya Waingereza "yaliyotengenezwa kwa mkono": mkono umebaki wapi hasa?

Kabureta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Phantom juzi kuna mtu aliapa kwamba Rolls-Royce inatengenezwa kwa mkono kuanzia fremu mpaka taa. Mwenzake akamjibu kwamba ni BMW iliyovalishwa suti. Wakatukanana kurasa tatu mpaka mods wakafunga. Mimi naona wote walikosea, ila kila mmoja kwa njia yake, na jambo lenyewe ni tamu kuliko matusi yao. Naweka hapa ninachokijua, wenye nyongeza karibuni.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Rolls-Royce haikuwa inakuuzia gari zima. Ulinunua chesisi: fremu, injini, giaboksi, magurudumu, na lile rejeta lao lenye sura ya hekalu la Kigiriki. Basi. Bodi ulikwenda kuiagiza mwenyewe kwa waunda bodi: Barker, Hooper, Park Ward, H. J. Mulliner, Thrupp & Maberly. Baadhi yao walikuwa wanaunda magari ya farasi kabla injini haijazaliwa. Seremala anasimamisha fremu ya mbao, fundi bati anagonga na kunyoosha alumini juu yake, mshonaji anaingia na ngozi, mpiga rangi anamaliza na tabaka juu ya tabaka. Aliyewahi kuona chesisi ya Isuzu ikipita barabarani uchi, dereva amefunga miwani na kitambaa usoni, inapelekwa kwa waunda bodi wa mabasi, basi ameshaelewa biashara nzima ya London ya mwaka 1930.

Ndiyo maana hakuna magari mawili ya zama zile yanayofanana kabisa. Mteja alikuwa na kofia ndefu? Paa linapandishwa.

Sasa watu wengi hudhani roboti ndiye aliyewaua mafundi hawa. Hapana. Mwaka 1946 kiwanda cha Rolls-Royce cha Crewe, ambacho wakati wa vita kilikuwa kikitoa injini za ndege za Merlin, kilianza kutoa Bentley Mark VI (Bentley ilikuwa chapa yao pia). Hilo ndilo gari lao la kwanza kuuzwa likiwa na bodi ya kawaida ya chuma, na bati zake zilikandamizwa na Pressed Steel pale Cowley, Oxford, kampuni iliyokuwa ikikandamiza bodi za magari ya watu wa kawaida. Mteja angeweza bado kuchukua chesisi na kwenda kwa fundi wake, lakini wengi waliona ya nini kusubiri. Hooper, waliokuwa wakiunda magari ya familia ya kifalme, wakaacha kuunda bodi mwaka 1959. Kisha 1965 ikaja Silver Shadow, bodi na chesisi vikawa kitu kimoja. Hapo mwunda bodi hana tena cha kupelekewa. Aliyemuua ni mchoro wa mhandisi.

Waliobaki walimezwa. Park Ward ilikuwa imenunuliwa na Rolls-Royce tangu 1939, H. J. Mulliner ikanunuliwa 1959, zikaunganishwa kuwa Mulliner Park Ward.

Narukia mbele. Mwaka 1998 Volkswagen walilipa pauni milioni 430 wakapata kiwanda cha Crewe na Bentley. BMW wakalipa pauni milioni 40 tu, wakapata jina la Rolls-Royce. Januari 2003 BMW wakafungua kiwanda kipya Goodwood, kusini mwa Uingereza, wakatoa Phantom. Na hapa ndipo ubishi wa juzi unapopinduka. Fremu ya alumini ya Phantom ile ilichomelewa kwa mkono, lakini ilichomelewa Dingolfing, Ujerumani, kwa BMW. Halafu ikasafirishwa mpaka Goodwood, nyumbani kwa "kazi ya mkono ya Kiingereza", na huko ikapuliziwa rangi na roboti! Sababu yao ni ya kweli kabisa: hakuna mkono wa binadamu unaopuliza rangi kwa usawa ule, saa baada ya saa. Kusugua na kung'arisha baada ya hapo ndipo watu wanaingia.

Ukishatoka kwenye rangi, mkono unarudi kwa fujo. Ule mstari mwembamba unaopita ubavuni mwa gari unachorwa bila stika wala rula. Miaka mingi kazi hiyo aliifanya mtu mmoja, Mark Court, ambaye kabla ya Goodwood alikuwa anachora vibao vya baa. Brashi yake ni ya manyoya ya kindi. Mstari una upana wa milimita 3 hivi na unakimbia mita kadhaa kutoka boneti mpaka nyuma. Akitetereka, hakuna cha kufuta kimyakimya, kwa sababu rangi ya chini imeshakamilika.

Angalieni mpangilio huo. Kinachotakiwa kuwa sahihi kamili kimepewa mashine. Kinachotakiwa kuonekana na kuguswa kimeachiwa mtu. Kwa maoni yangu kazi ya mkono iliyopo Goodwood leo si mabaki ya zamani yaliyosahaulika kufutwa. Imepangwa, na imewekwa pale ambapo mteja ataiona.

Karibuni tubishane kwa heshima.

---

SpanaKumi

Mkuu Kabureta umeandika vizuri lakini umejimaliza mwenyewe. Kama injini, fremu na rangi haviguswi na fundi wa Kiingereza, basi hiyo "kazi ya mkono" ni mapambo. Mtu analipa pesa ya nyumba tatu kwa ajili ya mstari wa milimita 3.

---

Mhandisi Mkavu

Nakazia kwa SpanaKumi, na naongeza. Tunaisifia sana kazi ya mkono kama vile siku zote ilikuwa alama ya ubora. Mara nyingi ilikuwa plasta.

Kisa cha kweli. Wakati wa vita Merlin zilihitajika kwa maelfu, serikali ikataka Ford wa Uingereza nao wazitengeneze, Trafford Park, Manchester. Wahandisi wa Ford wakaitazama michoro ya Rolls-Royce wakasema haifai. Wenyeji wakadhani, aah, hawa wa magari ya bei chee vipimo vyetu vimewashinda. Kumbe Ford walikuwa wanalalamika kwamba vipimo vimelegea mno! Rolls-Royce walikuwa na mafundi wa kiwango cha juu, kwa hiyo mchoro uliweza kuwa na nafasi kubwa; kipande kikikataa kukaa, fundi anachukua tupa anakipunguza mpaka kinakaa. Ford hawakuwa na mafundi hao wala muda huo. Kwao kila kipande lazima kiingie kwenye kila injini bila tupa. Ikabidi wachore upya.

Kiwanda kile kikatoa Merlin zaidi ya 30,000, sehemu kubwa ya wafanyakazi wakiwa watu ambao kabla ya vita hawakuwa na ufundi huo, wakiwemo wanawake wengi. Na ziliruka.

Kwa hiyo mtu akiniambia "imefungwa kwa mkono na fundi mmoja", swali langu la kwanza ni: kwani vipande vyenu havikai vyenyewe?

---

Nyundo na Bati

Mhandisi una hoja, ila usitudharau sisi wenye tupa 😄

Mimi ni fundi bodi, gereji yangu haina Aston Martin hata moja na sitegemei. Lakini nimezisoma sana kwa sababu ya bati zake. Aston DB4 ya mwaka 1958 ilitumia mfumo wa kampuni ya Touring ya Milano, Superleggera: vibomba vyembamba vya chuma vinaunda umbo, kisha alumini laini inavalishwa juu. Bati lilikuwa linazungushwa kwenye gurudumu la kunyooshea, mbele na nyuma, mkono unahisi lilipojaa na lilipobonyea, mpaka likubali. Hiyo kazi huifundishi kwa kitabu.

Ubaya wake ni huu: chukua boneti ya gari moja, jaribu kuliweka kwenye jingine la mwaka uleule kutoka kiwanda kilekile cha Newport Pagnell. Halikai. Kila gari lilipigiwa bati zake. Mwenye gari akigonga leo, hanunui spea na kufunga; analetewa bati lenye ziada pembeni, fundi anaanza kulikata na kuligonga kulifuata gari. Gharama iko hapo. Kwa hiyo ndiyo, Mhandisi, havikai vyenyewe. Lakini umeshaona ubavu wa DB5 jua likiwa linazama? Mashine ya kukandamiza ya enzi zile isingetoa mkunjo ule kwa magari machache kiasi kile bila kampuni kufilisika kwa gharama ya kalibu (umbo la kukandamizia bati) peke yake.

Hilo Kabureta hukuligusa. Kalibu za kukandamiza bati ni ghali, zinajilipa ukitoa magari mengi mno. Ukitoa machache, mtu na nyundo ndiye nafuu. Kazi ya mkono ilibaki kwa Waingereza muda mrefu kwa sababu ya hesabu kwanza, mapenzi baadaye.

---

Kabureta

Nyundo na Bati, hapo umenifunga goli safi. Nilitakiwa nianze na hiyo.

Na ndiyo inaeleza Gaydon pia. Aston Martin walipohamia kule mwanzoni mwa miaka ya 2000, gari halikuwa tena la kuchomelea wala vibomba. Ni vipande vya alumini vinavyounganishwa kwa gundi. Gundi haitaki hisia, inataka kiasi kilekile mahali palepale. Wakamleta roboti wa kuimwaga na wakampachika jina James Bonder, utani wa James Bond na neno la Kiingereza "bond", kugandisha. Waliobaki walikuwa watu.

---

Mshona Viti

Habari zenu. Nashona viti vya magari na mabasi, naomba niingie kwenye ngozi maana hapo ndipo mnapapita juujuu.

Kwanza, Rolls-Royce wanatumia ngozi ya fahali, si ya ng'ombe jike. Jike akizaa ngozi ya tumbo inapata michirizi. Na wanapenda ng'ombe wa malisho yasiyo na seng'enge, kwani mkwaruzo mmoja wa ng'ombe akiwa hai unakuwa kovu milele, dawa na rangi havifichi.

Pili, mtu ndiye anayekagua. Ngozi inatandazwa, fundi anapitisha macho na viganja, kila kovu na kila alama ya kuumwa na mdudu analizungushia alama. Kisha kompyuta inasoma zile alama, inapanga vipande vya kiti kuvizunguka ili ngozi isipotee, na mashine inakata. Hapa Spana nakupinga. Kazi imegawanywa vizuri, huwezi kuita mapambo. Mimi nikikata kwa mkasi na kigezo cha kadibodi napoteza ngozi nyingi mno. Lakini kamera haijui kwamba sehemu ya shingo itanyauka na ya mgongo itatulia. Kiganja kinajua.

Tatu, kushona. Cherehani inashona moja kwa moja vizuri kuliko mimi. Usukani ndio mtihani, kwa sababu ngozi lazima ivutwe kwa nguvu sawa kwenye duara ambalo halina mwanzo. Bentley wanashona usukani kwa mkono, sindano mbili, na ndiyo njia hiyohiyo mafundi wetu wanatumia, tofauti ni uvumilivu na taa nzuri ya kufanyia kazi.

---

SpanaKumi

Dada Mshona Viti nimekusoma, nakubali ya ngozi. Ya mstari bado siikubali 😂

---

Mbongo wa Midlands

Nimeishi sehemu hizi miaka mingi. Mnaongelea Goodwood na Crewe tu, mbona hakuna aliyetaja Morgan? Ukitaka kuona seremala anatengeneza gari, nenda Malvern. Wanatembeza wageni kiwandani, unalipa kiingilio, unapita katikati ya mafundi. Harufu ya kwanza inayokupokea ni ya mbao iliyopigwa randa, oili baadaye sana. Magari yakitoka banda moja kwenda jingine yalikuwa yanasukumwa na watu.

Tangu mwaka 1909 wako hapo. Fremu ya bodi ni mbao ya eshi, mti ambao Wazungu wanatengenezea mipini ya nyundo na shoka: mwepesi, unapinda, haupasuki ovyo.

---

Mhandisi Mkavu

Gari lenye chesisi ya mbao kwa pesa ile, na mwaka huu wa leo. Nimemaliza.

---

Mbongo wa Midlands

Soma tena kaka. Nimesema fremu ya BODI. Hii ya "chesisi ya mbao" imewasumbua Morgan miaka yote. Chesisi ilikuwa ya chuma, na mchoro wake wa msingi ulianza na gari la 4/4 la mwaka 1936, ukaendelea kuundwa hadi 2020. Mbao inakaa juu ya chesisi, bati linakaa juu ya mbao. Siku hizi chesisi ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi na injini za magari yao makubwa ni za BMW. Mbao bado ipo.

Mwaka 1990 BBC ilimpeleka pale Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa mwenyekiti wa ICI, kampuni kubwa ya kemikali, awape ushauri kwenye televisheni. Akaona watu wanasukuma magari, mtu mmoja anatoboa tundu papo kwa papo pale bati lilipokataa kufika. Akashtuka. Akawaambia wapandishe bei, waongeze uzalishaji mara mbili, waweke mashine. Familia ya Morgan ikamsikiliza, ikakataa sehemu kubwa. Baada ya kipindi kurushwa, watu walioona gari linatengenezwa vile wakazidi kupiga simu kuagiza, wakati foleni tayari ilikuwa ya miaka.

Ila tuwe wakweli. Baadaye kimyakimya walibadilisha mambo mengi aliyoyasema, na madigadi ya alumini yakaanza kuumbwa kwa joto na hewa badala ya nyundo. Mwaka 2019 familia iliuza hisa nyingi kwa kampuni ya uwekezaji ya Kiitaliano, Investindustrial. Kwa hiyo Mhandisi ushindi nusu ni wako.

---

DubaiKwetu

Huku Ghuba naona upande wa mnunuzi. Mwaka 2022 Rolls-Royce walifungua Dubai ofisi binafsi ya wateja, ya kwanza nje ya Goodwood. Mtu hachagui gari pale, anakaa na wabunifu wanapanga uzi, mbao, nyota za darini. Zile nyota ni nyuzi za mwanga zaidi ya elfu moja, zinachomekwa moja moja kwa mkono kwenye vitundu vya ngozi. Ukitaka zipangwe kama anga lilivyokuwa usiku uliozaliwa, zinapangwa.

Spana unauliza kwa nini walipe. Hawa watu gari la kasi wanalo, la uhakika wanalo, Land Cruiser ziko tano uani. Hawana kitu ambacho jirani hawezi kukipata kesho asubuhi.

---

Kabureta

DubaiKwetu umegusa pesa ilipo. Mwaka 2022 Rolls-Royce walitoa magari 6,021, mara ya kwanza kuvuka elfu sita. Mwingine angesema sasa tujenge kiwanda kipya tufike elfu ishirini. Januari 2025 wakatangaza zaidi ya pauni milioni 300 kupanua Goodwood, na wakasema wazi nafasi hiyo ni ya kazi maalumu za wateja na maandalizi ya magari ya umeme, hawatafuti idadi. Wanataka kila gari lichukue saa nyingi zaidi za mafundi. Hapo ndipo hesabu ya Nyundo na Bati imegeuka kichwa chini: zamani mkono ulikuwa nafuu kwa magari machache, leo mkono ndio bidhaa yenyewe.

Bentley walikwenda njia nyingine. Continental GT ya 2003 ilikuwa na jukwaa (msingi wa chini wa gari) moja na Volkswagen Phaeton, maboksi ya bodi yalikuwa yakitoka Zwickau, Ujerumani, na kutoka takriban gari elfu moja kwa mwaka wakafika elfu kumi na kitu mwaka 2007. Pesa hizo ndizo zilizowalisha mafundi wa mbao na ngozi wa Crewe, na ndizo zilizoiweka hai ile injini ya zamani ya V8 iliyoanza 1959 mpaka ikastaafu 2020 kwenye Mulsanne, baada ya injini 36,000 katika miaka 61. Mtu anayelaumu Wajerumani kwa kuua ufundi wa Crewe aeleze nani mwingine angeulipia.

---

Nyundo na Bati

Na usisahau Blower. Mwaka 2019 Bentley walitangaza kuunda upya gari la mashindano la 1929, kumi na mawili tu kwa ajili ya kuuza. Walilifungua la asili, wakalipima kwa leza kila kipande, wakalijenga kwanza ndani ya kompyuta. Halafu chesisi wakawapelekea Israel Newton & Sons, kampuni ya mafundi wa boila za injini za mvuke, yenye umri wa miaka 200 hivi, kwa sababu ndio bado wanajua kupiga ribiti za moto kwenye chuma kinene. Leza kwa boilameka! Mimi ningelipwa nusu mshahara nikasimame tu nitazame.

---

Mhandisi Mkavu

Hiyo ya Blower naikubali bila masharti. Leza imeondoa kubahatisha, ribiti imepigwa na anayejua. Tatizo langu ni kampuni inayouza tupa kama fadhila.

Mbongo, nina swali la kweli, si la ubishi: hiyo mbao ya Morgan haiozi? Uingereza mvua kila siku.

---

Mbongo wa Midlands

Inaoza, hasa ya zamani. Maji yanakaa kwenye viungo vya chini, karibu na vizingiti vya milango na nyuma kwenye tao la gurudumu. Tangu miaka ya 1980 wanailowesha dawa ya kuzuia kuoza, na zilizotoka baada ya hapo zimetulia. Ukikuta ya kabla ya hapo inauzwa, usianze na injini. Fungua mlango, ushike kwenye ncha, unyanyue taratibu. Ukicheza, nguzo inayoshika bawaba imelainika, na huo ni mwezi wa seremala kabla fundi bati hajaitwa. Muuzaji atakuonyesha rangi mpya.

---

Mshona Viti

Na kiti kipya. Wanabadilisha kiti kwanza, nawajua.